Mikono ya Mama na Maua ya Kivulini

Juzi nilisimama kando ya barabara pale Mpanda, kwa kijana anayeuza miche kwenye vifuko vyeusi vya nailoni. Nilikuwa natafuta mche wa limau tu. Lakini alikuwa ametandika wavu wa kivuli juu ya kichanja kimoja, na chini yake yalikuwapo yale maua: mekundu, meupe, na yenye rangi ya waridi iliyopauka, yenye mashina ya majimaji yanayokatika hata kwa kupapaswa. "Haya ni ya kivulini, bibi," akaniambia. "Ukiyaweka juani yanalala yote." Nikanyoosha kidole nikagusa kitumba kimoja cha kijani kilichonenepa. Kikapasuka pale pale, mbegu zikarukia mkono wangu. Kijana akacheka, maana watu wengi hushtuka. Mimi sikucheka. Uso uliniwaka moto, nikajiona nimesimama katikati ya kanisa watu wote wamegeuza shingo. Nilimlipa limau lake, nikapanda bajaji nikaenda zangu.

Nyie mliokua kwenye vijiji vya tumbaku huku Inyonga mtanielewa nikisema kwamba utoto wangu unanuka utomvu. Sisemi ule moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia majani, ambao hata mgeni anaupenda. Nasema utomvu wa jani bichi. Msimu wa kuvuna mama alirudi nyumbani mikono ina kitu cheusi kinachong'aa mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyekuwa akipaka lami. Aliisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa nyanya mbichi, utomvu ukatoka nusu. Uliobaki ulijificha kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha. Akikumegea tonge, unasikia uchungu kabla hujasikia chumvi. Nilikula uchungu huo tangu naota meno, na wala sikuuona kuwa kitu kibaya, mpaka nilipoanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Aliyetufundisha ni katekista wetu, Mwalimu Kosmas, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kabla ya somo alitupanga mstari nje ya kanisa, akatuamuru tunyooshe mikono, akapita na kifimbo akigeuza viganja. Nusu yetu tulikuwa tunawasaidia wazazi kufunga majani kwenye fito, kwa hiyo nusu yetu tulirudishwa kisimani. "Mikono safi, moyo safi!" alipiga kelele. "Mkono wa tumbaku haukaribii meza ya Bwana!" Moyo hatukuwa na namna ya kuuona. Mikono tuliiona. Mimi nilishika hilo la mikono, nikalishika barabara.

Kwa sababu lilinieleza jambo ambalo lilikuwa linanisumbua. Kila Jumapili, wakati wa komunyo, wanawake wote walinyanyuka kwenda mbele na mama yangu alibaki amekaa. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akakunja miguu pembeni ili wenzake wapite, na wao walipita wakikusanya kanga zao zisimguse. Alitazama sakafu. Mimi nilikaa pembeni yake nikiona aibu mpaka masikio yanawaka, sijui hata aibu ya nini. Mbele kabisa kwenye foleni alikuwa Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba yangu, aliyekuwa akiishi Inyonga penyewe karibu na kanisa. Mama Mkubwa alikuwa na cherehani. Hakushika tumbaku hata siku moja; mikono yake ilikuwa laini, kucha zake nyeupe. Alipokea, akarudi ameinamisha kichwa, amependeza. Hapakuhitajika mtu wa kunifafanulia. Mama Mkubwa ana mikono safi, anakwenda. Mama yangu ana utomvu, anakaa.

Kwamba baba alikuwa na wake wawili halikuwa jambo la kunishangaza. Nani hakuwa na mama mkubwa au mama mdogo? Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja kwetu kijijini na baiskeli yake siku kadhaa, akarudi Inyonga siku kadhaa, na kote alipokelewa na maji ya kuoga. Rafiki yangu Tekla aliwahi kuniuliza njiani, "Eti mama yako mbona hakomuniki?" Nikamjibu haraka, "Ni tumbaku." Tekla akaniangalia. Halafu akacheka peke yake mpaka tukafika. Nilidhani anacheka mikono ya mama, nikamnunia siku nzima.

Maua yaliingia kwenye maisha yetu kwa sababu ya ubavu mmoja wa kanisa. Upande ule ulizungukwa na mijohoro mikubwa, baraza yake haikupata jua asubuhi wala jioni, na kila ua lililopandwa pale lilirefuka shingo, likapauka, likafa. Mtawa mmoja mzungu, tuliyemwita Sista tu kwa sababu hatukuwa na mwingine, alikuwa ameletewa kutoka kwao pakiti za mbegu za maua yanayopenda kivuli. Baada ya misa akawauliza wanawake nani anajua kulea kitalu. Wote walijua, mwanamke wa tumbaku asiyejua kitalu ni nani? Lakini ilikuwa masika, palizi na kuvuna vimegongana, nani ana muda wa kulea ua lisilopikika? Wakatazamana. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akinyoosha mkono kwa lolote pale kanisani, akanyoosha. Nikauona ule mkono juu, mweusi, mbele za watu wote, nikatamani aushushe.

Sista alimweka kando, akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba anayataka yawe yamechanua kwenye makopo siku ya Komunyo ya Kwanza ya watoto, ayapange barazani na mbele ya altare. "Mtoto yako pia siku hiyo, ndiyo?" akauliza. Mama akasema ndiyo. Njia nzima ya kurudi aliibeba ile pakiti kifuani, ndani ya blauzi, na alikuwa anaimba.

Akayapanda kama tumbaku. Angeyapanda vipi vingine? Alitengeneza tuta dogo nyuma ya nyumba, akarundika matawi makavu juu yake akayachoma ili mbegu za magugu zife, kama tulivyofanya kila mwaka. Akachota majivu, akachanganya na nusu ya zile mbegu kwenye keni ya kumwagilia, akajaza maji, akanyunyiza huku akitembea kinyumenyume. Juu akatandaza majani makavu, mazito, jua lisipige. Kitalu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Tukamwagilia asubuhi na jioni, tukasubiri. Tumbaku ingekuwa imeshatokeza kijani chake. Hapakutokea kitu. Mama alifunua majani, akapiga magoti, akapekua udongo kwa kijiti mpaka akapata mbegu moja, akaiminya kati ya kucha zake. Ilikuwa imeoza, ikatoa maji.

Sista alikuja mwenyewe na pikipiki yake kutazama. Hakukasirika. Alichuchumaa na joho lake kwenye vumbi akatucheka kidogo, kisha akasema majivu ni makali mno kwa ua hili, na giza pia halilitaki. "Usifunike. Mbegu hii inataka kuona mwanga. Mwanga ndiyo, jua hapana." Halafu akashika mikono ya mama, akaigeuza viganja juu, kama alivyofanya Mwalimu Kosmas kwetu. "Na hii," akasema, "lazima unaosha na sabuni kabla ya kugusa. Kila mara. Tumbaku ina ugonjwa wake, mkono unabeba, unapeleka kwa maua. Maua inakufa."

Leo najua alichomaanisha. Ni ugonjwa wa majani tu, ule wa mabaka ambao bwana shamba alikuwa anatuambia tung'oe mche wenye nao tukauchome mbali. Lakini mimi nilikuwa mtoto na nilikuwa nimeshafundishwa na kifimbo cha Mwalimu Kosmas. Kumbe hata maua yalikuwa yanaikataa mikono ile. Sikuuliza swali. Nilichofanya ni kuamua kwamba mama ataoshwa na maua. Akiyalea hayo miezi yote, akinawa sabuni kila mara, ule utomvu utakwisha, na siku yangu itakapofika atanyanyuka pale benchi la mwisho aje mbele na mimi. Sikumwambia. Nilipiga hesabu zangu kimya kimya nikafurahi.

Mara ya pili tulifanya kama Sista alivyosema. Tulikwenda porini kuchota udongo mweusi ulio chini ya majani yaliyooza, tukauchekecha, tukaumwagia maji ya moto, tukauacha upoe. Tukajaza kwenye makopo ya mafuta ya kupikia tuliyotoboa chini kwa msumari, na kwenye karai la zamani lililovuja. Hatukumwagilia kwa juu; tuliyaketisha makopo ndani ya beseni la maji mpaka udongo wa juu ukabadilika rangi wenyewe. Mbegu nilizipanga mimi, kwa ncha ya unyasi iliyolowa, moja moja, halafu mama alizikandamiza kwa kitako cha glasi bila kuzifukia. Juu ya kila kopo tukaweka kipande cha kioo cha dirisha alichotupa Sista, tukaweka yote upenuni mahali penye mwanga usio na jua. Vioo vilitoa jasho kwa ndani. Asubuhi niliamka nikakimbilia huko kabla sijanawa uso, na mama alinikuta nimebandika pua kwenye kioo. "Acha kuzipumulia, zitaona haya kutoka," alinitania.

Zikatoka. Kwanza kiuzi cheupe, kama kipande cha uzi kilichoanguka, halafu majani mawili ya mviringo madogo kuliko tone. Mama alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo mwenyewe. Nikamkumbusha sabuni. Kila mara nilimkumbusha sabuni. Nilikuwa nasimama na kata ya maji na kipande cha sabuni ya kufulia kama askari wa lindo, na yeye alinawa bila kunung'unika, akinyoosha mikono niikague. Sabuni ilikuwa haipatikani hovyo siku zile, mnakumbuka. Aliinyima nguo zake, akaipa maua. Mimi niliona ananawa kwa ajili ya lile jambo langu.

Baadhi ya miche ilioza shingo ikalala. Mama akaondoa vioo, akapunguza maji, mingine ikapona. Ilipopata majani manne aliihamisha moja moja kwa kijiti cha mwanzi, akiishika kwa jani, siyo kwa shina. Ilipofika urefu wa kidole akaanza kuikata ncha. Nililia. Akanieleza kwamba ukiikata kichwa inatoa mikono pembeni, inanenepa, inajaza kopo. Ikajaza kweli. Ua la kwanza lilifunguka upenuni siku moja mawingu yametanda, jekundu, bapa, na mama akalitazama akasema kule kwao Mpimbwe yapo yanayofanana nalo kidogo, kando ya kijito, ila hakuna anayeyajali. Baada ya hapo yalichanua kana kwamba yanashindana. Vitumba vyake vilipokomaa vilikuwa vinapasuka ukivigusa, na ndio uliokuwa mchezo wangu na Tekla, mpaka mama alipotufundisha kukinga kiganja kwanza ndipo tubonyeze, mbegu zisipotee.

Na mikono ilikuwa inatakata. Jamani, ilikuwa inatakata! Mavuno yalikuwa yamekwisha, wanawake wamekaa ndani wanapanga majani makavu kwa madaraja, na jani kavu halina utomvu. Mikono ya kila mwanamke kijijini ilikuwa inatakata. Mimi niliitazama ya mama yangu peke yake. Mistari ya viganja ilibadilika kutoka nyeusi ikawa kahawia, kutoka kahawia ikawa ya mtu.

Siku mbili kabla ya sherehe tuliyapeleka kanisani, makopo kichwani, karai tumelishika pande mbili. Mama alikuwa ameyapaka chokaa makopo yote. Tulipoyapanga barazani, ule ubavu uliokuwa na giza miaka yote ukawaka. Watu walisimama kutazama. Padri alitoka, akazunguka, akamsifu mama mbele za watu, kisha akamwita pembeni, chini ya mijohoro, wakazungumza kwa muda. Nilikuwa mbali, sikusikia. Niliona tu Padri akiongea kwa upole na mama akitazama viganja vyake, akivigeuza na kuvigeuza. Mnaona jinsi kila kitu kilivyokuwa kinanithibitishia? Nikajua amekaguliwa. Nikajua amefaulu.

Jioni hiyo Mwalimu Kosmas alitupanga kwa zoezi la mwisho. Desturi ya pale ilikuwa kila mtoto anaongozwa mpaka ngazi ya altare na mzazi anayekomunika, wanapiga magoti pamoja, wanapokea pamoja. Akasema, "Veronika, wewe utapelekwa na mama yako mkubwa, Sabina."

"Nitapelekwa na mama yangu," nikamwambia.

Aligeuka akatazama pembeni. "Haya, tutaona," akasema. Nikachukua neno hilo kama ahadi.

Gauni langu jeupe alikuwa amelishona Mama Mkubwa, na shela pia, kwa kitambaa alichokitoa sijui wapi wakati ule wa shida. Asubuhi ya sikukuu alinivalisha yeye, nyumbani kwake, akanikaza mshipi, akarudi nyuma hatua akanitazama muda mrefu. Hakuwa na mtoto. Nilikuwa najua hana mtoto, kama nilivyojua ana cherehani.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Maua yalikuwa mbele, meupe na mekundu, kila aliyeingia akanong'ona. Wakati ulipofika Mwalimu Kosmas akaita majina, na wazazi wakatoka mmoja mmoja kwenye mabenchi wakashika watoto wao. "Veronika." Mama Mkubwa akanyanyuka benchi la mbele na kitenge chake kilichopigwa pasi, akanishika mkono. Nikageuka nyuma. Mama yangu alikuwa palepale, benchi la mwisho, amekunja miguu pembeni. Hakuna aliyemwita. Nilifikiri wamesahau. Nilifikiri hawajaona.

Nikauchomoa mkono wangu, nikakimbia katikati ya kanisa na gauni langu jeupe mpaka kwake. Nikamshika mikono yote miwili, nikaiinua juu, viganja mbele, nikasema kwa ile sauti tuliyofundishwa ya kujibia katekisimu: "Padri, tazama! Mikono ya mama imetakata! Haina tumbaku tena!"

Upande wa wanaume mtu alicheka, kicheko kifupi kikakatika. Mama hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, nilivyoishikilia juu mbele ya parokia nzima, akijaribu kufumba vidole, na mimi nikivifumbua ili waone vizuri. Alifumba, nikafumbua. Hicho ndicho kinachonijia nikigusa lile ua, kile kidole chake kidogo kinakunjika na mimi nakinyoosha.

"Nenda na mama yako mkubwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Twende wote."

"Nenda, Vero."

Mwalimu Kosmas alikuwa ameshafika, ananivuta bega. Mama akaivuta kanga, akaifunika mikono, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mama Mkubwa alikuwa bado amesimama peke yake katikati ya njia, mkono wake umebaki nusu hewani, na watu sasa walikuwa wanamtazama yeye. Nikarudi nikaushika. Nikapokea Komunyo yangu ya Kwanza pembeni yake, na nisidanganye, sikumbuki chochote isipokuwa masikio yangu yalivyokuwa yanachoma.

Baada ya misa nilimkuta mama barazani, anayamwagilia maua yake. Hakuwa analia. Alimaliza kopo la mwisho, akafunika keni, akaanza safari ya nyumbani na mimi nikamfuata nyuma nimeinua gauni lisishike vumbi. Nilingoja anipige. Tulipovuka kijito akazungumza bila kugeuka.

"Si mikono, Vero."

"Ni nini?"

"Baba yako alifunga ndoa kanisani na Sabina. Mimi akanioa nyumbani, kwa sababu Sabina hazai. Kanisa linasema mimi si mke. Basi."

Nikaongeza hatua nikamkaribia. "Padri alikwambia nini pale chini ya miti?"

"Aliniambia niondoke kwa baba yako. Nikiondoka, nikakaa mwenyewe, siku hiyo hiyo nakomunika. Alitaka nikomunike leo na wewe." Alikohoa. "Siku zote mbili hizi nilikuwa naliwaza."

"Basi tuondoke," nikasema. Nilikuwa tayari kuondoka pale pale, na gauni jeupe.

Mama akasimama, akageuka kwa mara ya kwanza. "Tuondoke mimi na nani? Mahari yangu ilishatoka, ikaliwa. Mimi ndio naondoka. We ni wa baba yako, unabaki. Unakwenda kwa Sabina." Akanitazama juu mpaka chini, gauni, mshipi, shela. "Si mtu mbaya Sabina. Amekushonea vizuri. Lakini sikukuzaa nikampe." Halafu, kama anayejisemea, akaongeza, "Kule kwetu nikiwa msichana sikuwahi kukosa kupokea, hata Jumapili moja."

Wa rika langu niliowahi kuwasimulia haya huniambia, ulikuwa mtoto, ungejuaje? Ni kweli, nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini aibu haikunitoka kwa maneno hayo. Mwaka mzima nilikuwa nimemwonea haya mama yangu kwa sababu anakaa wakati wenzake wanakwenda, nikakunja uso, nikatazama pembeni ili nisionekane ni wake. Kumbe alikuwa anakaa kwa ajili yangu. Kila Jumapili alipewa kuchagua kati ya meza ile na mimi, akakunja miguu pembeni watu wapite.

Jumapili iliyofuata nilidhani hatutakwenda. Tulikwenda. Tukakaa benchi lile lile, na shingo kadhaa ziligeuka, na mama akazitazama mpaka zikarudi. Wakati wa komunyo wenzangu wote wakanyanyuka. Mimi sikunyanyuka. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili nikakaza.

"Simama," akasema mama.

Nikatikisa kichwa.

Akanifinya paja, ile finya yake ya kweli. "Simama uende. Mmoja wetu aende."

Nikaenda. Nilipita katikati ya watu wote wale nikijua wananitazama, nikapokea, nikarudi nimefunga mikono na kuinamisha kichwa kama nilivyofundishwa. Mama alisogea akanipa nafasi. Nilipopiga magoti aliinama karibu na sikio langu, nikasikia pumzi yake.

"Bado inanata huku juu, kwenye kaakaa?" akaninong'oneza, akijigusa shavu.

Tulikuwa tumekatazwa kusema kabla hostia haijayeyuka mdomoni, kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa. Mama akafumba macho, akameza mate.